Muulize Mama Mabwawa: Chemba inafurika, na kila mtu ana mshitakiwa wake

Maswali ya wasomaji kuhusu maji, vyoo na mitaro hujibiwa hapa na fundi mstaafu wa majitaka, mkazi wa Moshi.

SWALI: Shikamoo Mama Mabwawa. Nina nyumba hapa Kiusa, Moshi. Chemba iliyo mbele ya geti langu imefurika mara saba tangu mwaka uanze, na grupu la mtaa la WhatsApp limegeuka uwanja wa vita. Kundi moja linamlaumu dada mwenye baa ya kiti moto pale kona, eti anamwaga mafuta kwenye sinki. Kundi la pili linasema ni mvua tu, tuvumilie. La tatu linasema bomba ni dogo, limewekwa zamani kabla ya maghorofa. Mimi nimeandika kwenye daftari, na mwalimu wa jiografia wa sekondari ya jirani, ambaye ana kipima mvua, amenipa namba zake:

Januari 18, Jumamosi, saa nne asubuhi, jua kali. Februari 23, Jumapili, saa tatu asubuhi, pakavu. Machi 22, Jumamosi, saa tano asubuhi, pakavu. Aprili 8, Jumanne, saa kumi na moja jioni, mvua kubwa ya nusu saa hivi. Aprili 17, Alhamisi jioni, mvua ya namna hiyohiyo. Aprili 29, Jumanne asubuhi, mvua ilikuwa imekatika tangu jana yake, lakini maji mepesi yalitoka polepole mpaka kesho yake. Mei 10, Jumamosi, saa nne asubuhi, pakavu.

Mambo mawili yananitatiza. Usiku wa kuamkia Aprili 22 ilinyesha mpaka asubuhi, milimita 38, na chemba haikutoa hata tone. Halafu kwa mvua ya Aprili 8, mwalimu ameandika sifuri tarehe 8 na milimita 22 tarehe 9, kwa hiyo jirani mmoja anasema mvua haihusiki kabisa. Tumlaumu nani?
*Mwenye nyumba, Kiusa*

JIBU: Marahaba mwanangu. Daftari lako limenifurahisha kuliko barua zote za mwezi huu. Wengi huniandikia "chemba inafurika kila siku", nikiwauliza siku zipi, naambiwa "karibu kila siku". Na hapo hakuna fundi anayeweza kusaidia.

Tuanze na ugomvi wa tarehe 8 na 9, maana huo unakwisha haraka. Kipima mvua husomwa saa tatu asubuhi, ndivyo wanavyofanya hata watu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Maji anayoyakuta mwalimu saa tatu asubuhi ya tarehe 9 ni ya saa 24 zilizopita, yaani yamo ya Jumanne jioni, mvua ileile iliyokulowesha wewe getini. Mwambie jirani yako mwalimu hajakosea, na wewe hujakosea. Ila mkitaka kulinganisha madaftari mawili, kwanza mjue kila moja linaanza siku yake saa ngapi. Nimeona ripoti nzuri kabisa zikiharibika kwa jambo hilo tu: mvua imesogea siku moja mbele, na mwandishi akahitimisha kwamba chemba zinafurika *kabla* ya mvua kunyesha.

Sasa tazama zile mara nne za pakavu. Zote ni Jumamosi au Jumapili, zote kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Hapo mvua imeshatoka kizimbani.

Nilipokuwa kazini kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka kule Mabogini, kazi yangu mojawapo ilikuwa kusoma kipimo pale majitaka yanapoingilia. Kuna mfereji wa zege uliobanwa katikati, na ukutani pamebandikwa rula ya chuma. Unasoma kina cha maji, unaangalia kwenye jedwali, unapata lita kwa sekunde, unaandika. Basi. Ukifanya hivyo saa baada ya saa, unaujua mji bila kuingia mjini. Alfajiri rula inakaa chini kabisa. Watu wakishaamka, wakaoga, wakapika chai, maji yanapanda, lakini hayapandi kwetu saa hiyohiyo, maana yana safari ya kuteremka toka mjini. Jumamosi mlima huo wa asubuhi ulichelewa, ukaja mpana na wenye povu, kwa sababu ni siku ya kufua. Mwezi wa Ramadhani mlima huo ulihama kabisa: kidogo wakati wa daku, halafu kishindo baada ya futari.

Kwa hiyo chemba yako inafurika pale mtaa unapofua. Siku za kazi maji ni machache, yanapenya. Wikiendi yanakuja mengi kwa pamoja, na njia imebanwa. Bomba hilo limeziba nusu, na kinacholiziba ni mchanganyiko wa mafuta yaliyoganda, matambara, pedi, pampasi, na ule mchanga tunaosugulia sufuria. Tena angalia nafasi kati ya tarehe hizo nne za pakavu: wiki tano, nne, saba. Nadhani kila mara mafundi walikuja na fito, wakasukuma, maji yakaenda, watu wakapiga makofi. Fito hutoboa tundu katikati ya mafuta, haikwangui kuta za bomba. Tundu linaanza kujaa siku hiyohiyo. Mkiwapigia safari ijayo waombeni waje na gari la kusafishia kwa maji ya presha, na muwaonyeshe tarehe hizi. Fundi akiona tarehe nne zimejipanga hivyo anaelewa mara moja, bila kubishana.

Dada wa kiti moto nitamtetea kidogo, si kwa sababu nampenda sana (ingawa kiti moto cha Moshi ni kiti moto). Fanyeni hivi. Siku chemba inafurika, fundi afunue ya pili yake kuelekea bondeni, halafu ya tatu. Atafika mahali chemba moja imejaa na inayofuata haina kitu. Kizuizi kiko kati ya hizo mbili. Kama bomba la baa linaingia chini ya hapo, mafuta yake hayajawahi kupita mahali palipoziba, na grupu zima linamdai msamaha. Kama linaingia juu yake, basi ni mshukiwa, lakini pamoja na kila nyumba inayokaanga samaki na kumwagia sinki. Dawa ni kijichemba cha kunasia mafuta nje ya jiko lake, kinachozolewa kila wiki. Kijichemba ambacho hakizolewi ni urembo tu.

Sasa Aprili. Hapa ndipo namba zako zinapoongea, na ndipo penye kesi nzito, kwa hiyo nivumilie nifanye hesabu.

Chukua nyumba ya kawaida ya mtaani kwako yenye paa la mita 10 kwa 12. Hizo ni mita za mraba 120. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo milimita 22 zinatoa lita 2,640. Watu sita ndani ya nyumba hiyo, kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku, na tuseme asilimia 80 ya maji hayo ndiyo yanayokwenda bombani, wanatoa lita 380 hivi kwa siku. Umeona? Paa moja, ndani ya nusu saa, limetoa maji sawa na majitaka ya familia nzima kwa karibu wiki.

Tuligawe kwa muda. Lita 2,640 kwa nusu saa ni kama lita moja na nusu kwa sekunde. Bomba la inchi sita lenye mteremko wa mita moja kwa kila mita 100 linapitisha lita 15 hivi kwa sekunde likiwa limejaa. Mapaa kumi, basi limejaa. Na hapo hakuna aliyevuta maji chooni bado. Bomba hilohilo, bila maji ya mapaa, linabeba majitaka ya nyumba mamia bila wasiwasi, hata asubuhi wakati wote wanaoga. Kwa hiyo wale wa "bomba ni dogo" waulizwe kwanza: dogo kwa kazi ipi? Liliwekwa kubeba majitaka. Maji ya mvua yana mitaro yake.

Ndiyo maana milimita 38 za usiku kucha hazikukusumbua. Mvua ile ilinyesha taratibu, tuseme saa kumi. Paa lilelile lilitoa sehemu ndogo tu ya lita kwa sekunde, na mapaa kumi kwa pamoja hayafiki hata lita moja na nusu. Bomba halikujua kama kuna mvua. Jumla ya mvua ni kubwa kuliko ya Aprili 8, lakini kasi ni ndogo. Chemba inayofurika kwa mvua ya ghafla na kunyamaza kwa mvua ya usiku kucha inasema maji yanaingia moja kwa moja kutoka juu: gata zilizounganishwa chembani, au uani watu wamefunua mfuniko ili maji ya mafuriko yaishie humo. Hili la pili nalijua sana. Mwenye nyumba anafunua, uwanja unakauka, anarudi ndani kunywa chai, na wa bondeni anapata mali yote getini, pamoja na mchanga ambao Jumamosi ijayo utaziba bomba.

Kuwapata ni rahisi na hakuhitaji polisi. Siku ya jua, mwaga ndoo ya maji yenye rangi ya chakula kwenye gata, rangi ya kijani inaonekana vizuri, na mtu mwingine asimame kwenye chemba aangalie. Rangi ikitokea, tumemaliza. Mfanye kwa kukubaliana kupitia mwenyekiti wa mtaa, na anzeni na nyumba yako wewe ili pasiwe na maneno.

Imebaki Aprili 29, na hii ni tofauti na zote. Mvua imekatika, maji ni mepesi, yanatoka polepole siku nzima. Hayo ni maji ya ardhini. Udongo umeshiba mvua ya mwezi mzima, na maji yanapenya kwenye maungio na nyufa za bomba. Mji wetu uko miguuni mwa mlima. Mvua ya Kibosho na Old Moshi haimaliziki siku inaponyesha, nyingine inateremka chini kwa chini. Mwenye shaka aende Msitu wa Rau akaone miti ilivyostawi kwa maji ya ardhini, pembeni kabisa ya mji. Hapa hakuna jirani wa kumlaumu. Kipimo chake ni cha usiku: saa tisa, watu wote wamelala, kwenye chemba hapapaswi kupita kitu cha maana. Mafundi wakifunua saa hiyo wakakuta maji meupe yanakwenda bila kukatika, ama bomba linakunywa maji ya ardhini, ama kuna matangi ya vyoo yanayovuja mtaani. Wakirudia Januari, wakati wa kiangazi, watajua ni lipi kati ya hayo mawili.

Kwa hiyo chemba yako ina magonjwa matatu, na kila kundi la WhatsApp limeshika kipande. Endelea kuandika, lakini ongeza mambo haya: maji yalianza saa ngapi *na yaliisha saa ngapi*, yalikuwa na rangi gani, na chemba ya chini yake ilikuwa imejaa au la. Andika pia siku za mvua ambazo hapakutokea kitu. Bila zile milimita 38 ningekujibu kwa kubahatisha.

Na tafadhali, wewe kazi yako ni daftari. Kufunua na kuingia ni kazi ya mafundi wenye vifaa. Ndani ya chemba kuna gesi inayonuka yai bovu, na ikizidi pua inaacha kuisikia kabla hujaanguka. Watu hufa wawili wawili, wa kwanza aliyeingia na wa pili aliyemfuata kumwokoa.

SWALI: Mama, habari za huko. Mdogo wangu anasoma Uingereza. Ananiambia kule mvua ikinyesha, kampuni za maji zinaruhusiwa kumwaga majitaka mtoni, na kila mara wanapomwaga inahesabiwa na mashine na kutangazwa. Anasema mwaka 2023 walimwaga zaidi ya mara laki nne. Mimi nimembishia. Nchi yenye hela hivyo?
*Mbishi wa Njiro, Arusha*

JIBU: Umeshindwa, mnunulie vocha. Ni kweli.

Miji mingi ya kule ilijengewa bomba moja la majitaka na maji ya mvua pamoja, mengi yakiwa ya karne ya 19. Mvua ikizidi, bomba likijaa, kuna matoleo ya dharura yanayomwaga mtoni au baharini ili majitaka yasirudi vyooni mwa watu. Kwa England peke yake matoleo hayo ni zaidi ya 14,000, na kufikia mwisho wa 2023 yote yalikuwa na kifaa kinachorekodi yanapoanza na kuacha kumwaga. Mwaka 2022 zilihesabiwa mara 301,091, jumla ya saa milioni 1.75. Mwaka 2023 zikawa mara 464,056, saa milioni 3.6.

Magazeti yao yalipiga kelele, na kelele zilikuwa haki yao, lakini mimi kama mtu wa rula nauliza maswali yangu. Mvua je? 2022 ulikuwa mwaka mkavu, 2023 ulikuwa na mvua nyingi. Vipima je? Mwaka 2022 asilimia 91 ya matoleo ndiyo yalikuwa na vipima, mwaka uliofuata yote. Ukiongeza macho, utaona mengi zaidi hata kama hakijabadilika kitu. Na wanahesabuje? Kumwaga kokote ndani ya saa 12 za kwanza ni mara moja, kisha kila saa 24 zinazofuata ni mara moja nyingine. Kwa hiyo dakika kumi ni moja, na saa kumi na moja mfululizo ni moja vilevile. Mimi ningetazama saa kabla ya idadi, na hata saa hazikuambii lita, kwa kuwa vifaa vingi vinapima muda tu.

Kinachonivutia zaidi kwenye data yao ni kumwaga siku ambazo mvua haikunyesha. Hilo kule ni kosa kisheria, na ndilo linalofichua bomba lililoziba au mtambo uliolala. Unaweka namba za mvua kando ya namba za kumwaga, unachambua zile zisizo na mwenzake. Ni kazi ileile ya bwana wa Kiusa hapo juu, yeye ana daftari na wao wana kompyuta.

Sisi Arusha na Moshi mabomba ya majitaka na mitaro ya mvua vilitengwa tangu mwanzo. Tunavichanganya wenyewe, kwa gata.

SWALI: Shikamoo. Mwezi wa kumi na mbili Wachaga wote wanarudi nyumbani. Je, ni kweli majitaka ya Moshi yanaongezeka mara mbili?
*Mtani kutoka Pare*

JIBU: Marahaba mtani, ulikuwa unasubiri nafasi. Wanaorudi wengi wanapanda juu, Rombo, Marangu, Machame, Kibosho, na huko hakuna bomba la majitaka, kuna shimo la mzee. Mji wenyewe unapata wageni wa hoteli na baa. Kinachobadilika zaidi ni aina ya uchafu: mafuta ya kukaangia na mabaki ya machalari. Ukiona chemba ya mtaa wa baa imefurika siku ya tarehe 27 wakati hakuna mvua, jibu lake liko jikoni.

SWALI: Mama, mimi niko Moshono, Arusha, bomba la majitaka halijatufikia. Ninatumia shimo. Mwaka jana kiangazi gari la kunyonya lilikuja mara moja, lakini masika limekuja mara tatu, na watu ndani ya nyumba ni walewale wanne. Dereva anasema "ni mvua tu". Hizi habari zenu za data zinatuhusu nini sisi wa mashimo?
*Mama wa Moshono*

JIBU: Zinakuhusu kuliko unavyodhani, dada yangu, na tayari unayo data: risiti za gari.

Watu hawakuongezeka, safari zimeongezeka mara tatu, kwa hiyo maji yanaingia shimoni kutoka mahali pengine. Angalia kwanza juu: mfuniko uko chini kuliko uwanja? Maji ya gata yanaelekea huko? Inua mfuniko kwa tofali mbili na zege, geuza maji ya paa yaende kwenye tangi au mtaro. Ni marekebisho ya siku moja. Masika ijayo safari zikipungua, umemaliza kazi.

Zisipopungua, maji yanapenya kutoka ubavuni, na hapo nakuomba usilichukulie kwa wepesi. Ukuta unaoruhusu maji ya ardhini kuingia masika unaruhusu ya shimoni kutoka kiangazi. Ile safari moja ya kiangazi uliyoifurahia huenda si kwamba shimo lilikuwa halijai, lilikuwa linavuja. Kama wewe au jirani wa bondeni mna kisima, kipimwe vimelea maabara kabla ya kuendelea kunywa, na shimo lijengwe upya kwa kuta na sakafu zisizopitisha maji.

Gari likija tena, andika tarehe, na muulize dereva amejaza lita ngapi. Risiti nyingi zinaandika pesa peke yake.